Risala ya Wasanii Vijana wa Gede kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Maonyesho

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Chifu wetu, wazee, wazazi na wasanii wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kuketi nasi chini ya mwembe huu, ambao kwa sasa ndio ukumbi wetu, karakana yetu na ghala letu.

Kikundi kilianza na vijana watano waliookota simu mbovu, kibodi na nyaya jalalani, wakaziunganisha na magogo yanayotupwa ufuoni na bahari. Leo tu kumi na wanane, na kazi zetu zimefika Ulaya, kwa mikono ya watalii watatu walionunua ndege wa nyaya.

Mheshimiwa, mji uliokufa unaoonekana katika kazi zetu sisi hatukuubuni. Tumezaliwa jirani yake. Gedi, mji huo wa kale wa Waswahili hapa pwani ya Kenya, ilikuwa na jumba la kifalme, misikiti, vyoo vya shimo na vyombo vya kaure kutoka China, ikahamwa katika karne ya 17, na leo mizizi ya miti imezikumbatia kuta zake. Wataalamu hutaja uvamizi, na hutaja pia kushuka kwa maji visimani. Ndiyo maana kazi yetu kubwa tuliipa jina la Kisima: duara la kibodi zilizopangwa kama mawe ya ukuta, kamba ya makumbi, na chini kabisa, mahali pa maji, kioo cha simu kilichopasuka.

Kisima hicho hutakiona leo. Masika yalilowesha karatasi tulizokanda kwa gundi, mchwa wakala fremu, kutu ikatafuna nyaya. Mtazamaji mmoja aliisifu ile kutu akidhani ni ufundi wetu, nasi kwa adabu tukanyamaza.

Ombi letu ni moja: karakana yenye paa, sakafu ya saruji, umeme na mlango wa kufuli. Mgeni wa heshima wa mwaka juzi, katika kiti hichohicho ulichokalia, alituahidi mabati arobaini, tukapiga makofi. Wa mwaka jana aliahidi kuyafuatilia mabati ya mwaka juzi, tukapiga makofi tena. Nguzo tulizosimamisha kuyasubiri ziko nyuma ya jukwaa, na mbili kati yake zimechipua majani.

Kwa heshima zote, hatuombi ahadi nyingine, kwa kuwa zilizopo hatujazimaliza. Tunakuomba tu, kabla hujapanda gari, ufike kwenye nguzo hizo na ututajie siku ambayo fundi atakuja.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wasanii.