Mnara wa kijiji usiwaache mgambo nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mnara wa kumbukumbu ambao kijiji chetu, huku Songea Vijijini, kinakusudia kuwajengea wenzetu waliokwenda Vita ya Kagera. Wazo lenyewe naliunga mkono, na mchango wangu wa saruji nimeshatoa. Ninachopinga ni uamuzi wa kamati kwamba yachongwe majina ya wenye vyeti vya jeshi na waliozikwa kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hiyo kule Kaboya tu.

Kwa utaratibu huo, mgambo karibu wote wataachwa. Mwalimu alipotangaza Novemba 1978 kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo, jeshi peke yake halikutosha. Waliongezwa polisi, magereza, JKT na maelfu ya mgambo kutoka vijijini. Aprili 11, 1979, Kampala ilipoanguka, hao mgambo hawakuwa watazamaji. Vita ilipokwisha, wengi walirudi kwenye majembe yao. Leo mnamdai cheti mzee ambaye nyumba yake imeezuliwa na upepo mara ngapi tangu wakati huo?

Hata mkoloni hakufika huko. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja wapagazi pamoja na askari. Kasoro yake ni kwamba haina jina la mtu hata mmoja. Sisi wa Songea tunajua tofauti: kila Februari 27 tunawaenzi mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na tunawataja kwa majina na koo zao.

Kaboya, kule Muleba, kuna makaburi zaidi ya 600, na ni heshima kubwa. Lakini kutoka huku ni kuikata nchi nzima. Mjane wa kijijini nauli ataitoa wapi? Tena Kaboya ni ya waliokufa. Aliyerudi na risasi mguuni, akalima mahindi hadi uzee, huyo hana pa kuandikwa isipokuwa hapa kwao.

Nimesikia pia wanataka sanamu ya mwanajeshi mwenye bunduki. Jamani! Fedha hiyo inunue jiwe gumu na fundi anayejua kuandika majina bila kukosea, na ibaki nafasi chini yake. Wapo vijana wetu waliokwenda Msumbiji miaka ya 1980, na waliofia huko wengine wamelala Naliendele, Mtwara. Siku moja watadai nao, na watakuwa na haki.

Hofu ya kamati naielewa: mlango ukifunguliwa, kila mtu atasema babu yake alipigana. Ila kijijini nani asiyejua nani alipanda lori mwaka ule? Orodha ibandikwe ofisi ya mtendaji mwezi mzima, isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na wazee waliokuwa vitani wawe wa kwanza kuulizwa. Kijana wa miaka 20 mwaka ule sasa anaukaribia umri wa miaka 70, kwa hiyo kazi hii ianze kabla ya mvua za masika, hata kama saruji haijatimia.

Mtoto wa mgambo,
Songea Vijijini