Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali, The Hague

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

YAH: KUORODHESHA NYARAKA ZA KUONDOA SILAHA ZA KEMIKALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunza kumbukumbu mstaafu. Nimekaa masijala zaidi ya miaka thelathini, nikipokea majalada, nikiyapa namba na kuyatafuta yanapohitajika. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili linawahusu watu wengi kuliko sisi wawili.

Tarehe 7 Julai 2023 roketi ya mwisho yenye sarini, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, iliharibiwa Kentucky, Marekani. Hapo zikatimia tani 72,304 za sumu ambazo nchi wanachama zilitangaza kuwa nazo, zote zimeteketezwa. Nilipoisikia habari hiyo nilimshukuru Mungu, kisha nikaanza kuwaza karatasi. Sumu iliyotangazwa imekwisha. Nani aliitengeneza, nani alipigwa nayo, wakaguzi waliona nini na mataifa yalikubalianaje kuiacha, sasa tutayajua kwa karatasi tu.

Karatasi hizo zimetawanyika. Geneva ziko za Shirikisho la Mataifa la zamani, lililotangulia Umoja wa Mataifa, pamoja na za mkutano wa upokonyaji silaha ulioandaa Mkataba wa Silaha za Kemikali hadi ukakamilika mwaka 1992. New York ziko za Baraza la Usalama na za wakaguzi waliokwenda Irak. Kwenu The Hague ziko za Tume ya Maandalizi ya miaka ya 1993 hadi 1997, na zenu wenyewe tangu Mkataba uanze kutumika tarehe 29 Aprili 1997. Mtafiti wa kwetu akitaka kufuata jambo moja tu tangu Itifaki ya Geneva ya 1925, iliyokataza kutumia gesi za sumu vitani, itabidi abishe hodi kwenye milango mitatu, na kila mlango una utaratibu wake wa kupanga.

Nikueleze kisa ambacho kila mtunza kumbukumbu angepaswa kukijua. Agosti 2007, New York, wafanyakazi wa tume ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikikagua silaha za Irak walikuwa wanafunga ofisi na kupanga nyaraka zao. Katikati ya makabrasha wakakuta vifurushi vidogo vyenye vimiminika wasivyovijua. Siku chache baadaye waliipata orodha ya vitu vilivyoletwa kutoka Irak mwaka 1996, nayo ikaonyesha kwamba huenda kimojawapo ni fosjini, gesi iliyoua maelfu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya kupimwa, ilionekana ni kiyeyusho kisicho na madhara. Lakini kwa miaka kumi na moja kitu hicho kilikaa ofisini, katikati ya jiji, na maelezo yake yakawa mahali pengine. Naifikiria hofu ya yule aliyekishika mkononi ndipo akaiona orodha.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Chukua barua moja ya miaka ya 1980 iliyopelekwa Baraza la Usalama wakati wa vita vya Iran na Irak. Kichwa chake kinasema ni barua ya tarehe fulani kutoka kwa mwakilishi wa kudumu wa nchi fulani kwenda kwa Katibu Mkuu. Basi. Ndani kuna mji uliopigwa, idadi ya waliolazwa, malengelenge, macho yaliyofumba. Mworodheshaji akinakili kichwa tu, amefanya kazi yake kwa kanuni, na mtu wa Sardasht, mji wa Iran uliopigwa kwa mabomu ya gesi tarehe 28 Juni 1987, hataukuta mji wake hata atafute mwaka mzima. Mworodheshaji lazima asome. Ni kazi ya polepole na haina njia ya mkato.

Halafu kuna majina. Gesi moja, Waitalia wameiandika iprite, Wafaransa ypérite, Wajerumani Senfgas, sisi tunasema gesi ya haradali. Ndiyo hiyo ndege za Italia zilimwaga juu ya Waethiopia, na ndiyo Haile Selassie aliyoilalamikia mwenyewe mbele ya Shirikisho la Mataifa tarehe 30 Juni 1936. Wizara ya Ulinzi ya Italia ilikiri mwaka 1996. Miaka sitini! Na mji wa Mekelle, Ethiopia, kwenye hati za Kiitaliano ni Macallè. Orodha isiyounganisha majina haya inamfungia mlango mjukuu wa Mwethiopia aliyeungua.

Najua uzito wa jina. Katika ofisi moja nilikofanya kazi, mzee mmoja alifuatilia mafao yake miaka miwili. Jalada lilikuwepo, rafu ya pili, nimelipita mara nyingi. Aliandikwa Hasani, naye alikuwa anatafutwa kama Athumani Hassan. Nililipata mwenyewe, mzee akiwa ameshazikwa.

Siombi mfungue kila kitu. Mkataba una kiambatisho chake cha usiri, na namna ya kutengeneza sumu ibaki imefungwa. Ninachoomba ni kwamba hata jalada lililofungwa lionekane kwenye orodha: namba yake, miaka yake, linahusu mahali gani, limefungwa kwa kanuni ipi na litaangaliwa upya lini. Mtu akijua jalada lipo, anaweza kuliomba. Asipojua, ataambiwa halikuwahi kuwepo, na hana cha kujibu.

Karibu kurasa milioni 15 za Shirikisho la Mataifa zimeshawekwa kwenye mtandao, kazi iliyokamilika mwaka 2022, kwa hiyo Geneva wana uzoefu. Naomba uwaite wao na wenzao wa New York mezani, mwanze orodha moja ya pamoja, mkitanguliza nyaraka zinazotaja waathirika na miji yao. Waajirini pia wasomaji wa Kiamhari, Kitigrinya, Kikurdi na Kiajemi, kwa maana lugha sita rasmi za Shirika hazitoshi kuyasoma majina hayo sawasawa.

Nitashukuru kupata jibu lako, hata likiwa fupi.

Wako mtiifu,
Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Morogoro, Tanzania