Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Binti yangu anasoma, ila hayumo kwenye daftari lenu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, kwenye meza tunayolia chakula cha jioni na ambayo asubuhi huwa darasa. Binti yangu yuko Gredi ya 5. Alipokuwa Gredi ya 3, pumu ilimlaza hospitalini mara nne katika muhula mmoja, na darasa lake lilikuwa na watoto sabini na ushei, madirisha mawili, na vumbi la chaki lisilotulia. Mimi na babake tuliketi tukashauriana, tukaamua asomee nyumbani. Aliyekuwa mgumu kukubali ni mamangu, mwalimu mstaafu. Siku hizi ndiye anayemfundisha Kiswahili kila Jumanne na Alhamisi, na kalamu yake nyekundu haina huruma kwa mjukuu.

Watu hudhani kinachotusumbua ni vitabu. Vitabu tunavipata. KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, imeweka miundo ya mtaala kwenye tovuti yake, na Wingu lake la Elimu, hazina ya masomo ya mtandaoni, lina masomo ya kutosha, mradi una bando. Vitabu vya kiada tunanunua kwa wale wauzaji wa kando ya barabara mjini, maduka ya kuinama kama tunavyoyaita, na hapo ukijua kubembeleza huondoki mikono mitupu. Tunaenda maktaba ya Buruburu, na mara moja kwa mwezi ile ya McMillan, Banda Street, jengo la mwaka 1931. Ukimuuliza binti yangu, tunaenda huko kuwasalimia wale simba wawili wa mawe mlangoni. Tuko familia sita zinazosomesha watoto nyumbani, za Umoja, Donholm na Buruburu, na tunagawana masomo. Baba mmoja ni fundi wa umeme, yeye hufundisha sayansi. Mimi nina magunia ya sukuma wiki kwenye roshani, kwa hivyo kilimo ni changu. Hatukuunganishwa na ofisi yoyote. Tulijuana kwa kuambiana, mmoja akimpata mwenzake kliniki, mwingine kanisani.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu tunayafanya. Yaliyo ndani ya uwezo wako ndiyo yametushinda.

Mtaala huu wa umilisi haungojei mtihani wa mwisho. Matokeo ya Gredi ya 6 ni asilimia 40 kutoka KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi hiyo, na asilimia 60 kutoka tathmini za shuleni, kuanzia Gredi ya 4. Baadaye, katika kupangiwa nafasi ya sekondari pevu, KPSEA inahesabiwa tena asilimia 20. Alama hizo hupelekwa kwa Baraza la Mitihani na shule. Mzazi hana pa kuzipeleka. Kwa hiyo mtoto anayesomea nyumbani anaweza kujua kila kitu kilichoandikwa kwenye mtaala na bado akafika Gredi ya 6 bila alama hata moja. Asiyekuwepo na lake halipo.

Nikuambie wazazi hufanya nini, maana nami nilifanya. Wanatafuta shule ya binafsi iliyo tayari kuwaazima jina. Mimi nililipa karo ya muhula mzima ili binti yangu aandikishwe mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Muhula ulipoisha nikaonyeshwa alama zake za kazi ya mradi. Zilikuwa nzuri. Mradi wenyewe hakuwahi kuufanya, na mwalimu aliyezijaza hajawahi kumwona uso. Nilirudi nyumbani na matatu nikiwa nimeshika karatasi ile kama mtu aliyeokota kitu cha wizi. Muhula uliofuata sikulipa.

Nikaenda ofisi ya elimu kuuliza njia ya halali. Afisa alikuwa mpole, sina neno naye. Aliniuliza swali moja tu, mtoto anasoma shule gani, na nilipomweleza akaiweka kalamu chini. Fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika jibu langu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 naifahamu. Najua mzazi asiyempeleka mtoto shule anatenda kosa, ndiyo maana binti yangu simtumi dukani saa nne asubuhi: sitaki kumweleza chifu haya yote njiani. Najua pia kwa nini serikali inatutazama kwa jicho la shaka. Baada ya vifo vya wafuasi wa mhubiri Mackenzie kule msitu wa Shakahola mwaka 2023, na watoto walioachishwa shule na wazazi wao kisha wakafia msituni, ningekuwa mimi kwenye kiti chako ningeshuku pia. Lakini hebu fikiri, Mheshimiwa. Mzazi mwenye jambo la kuficha hawezi kuja ofisini kwako kuomba aandikishwe. Tunaoomba ukaguzi ndio mnaotufungia mlango, na wanaojificha wanaachwa huko huko waliko.

Wala si jambo geni. Shule zilipofungwa Machi 2020, nchi nzima ilisomea nyumbani, KBC ikipeperusha vipindi vya KICD redioni, na hakuna mzazi aliyeitwa mhalifu. Kila mwaka tunasikia watahiniwa wamefanyia mitihani ya kitaifa magerezani na hospitalini. Kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kuna watahiniwa wa kibinafsi. Mlango upo huko juu, huku chini kwa watoto wa gredi ni ukuta.

Sikuombi pesa. Naomba kila kaunti ndogo iwe na shule moja ya umma iliyoruhusiwa kuwa kituo cha watoto kama hawa: waandikishwe hapo kwa majina yao na hali yao ya kweli, walete kazi zao, wafanye tathmini mbele ya mwalimu, siku mbili tatu kwa muhula. Afisa wa ubora aje nyumbani atakapo, hata bila kubisha hodi mapema. Atakuta vyombo havijaoshwa, ila atakuta na daftari.

Hilo litachukua muda, naelewa. Swali langu la leo ni dogo, na nakuuliza chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi yako siku 21 kujibu: ni afisa gani, katika ofisi ipi, anayeshughulikia mtoto anayesomea nyumbani hapa Nairobi? Nipe cheo chake na siku anazopatikana. Nitakuja na binti yangu, na madaftari yake yote.

Wako,
Mama wa mwanafunzi wa Gredi ya 5,
Umoja, Nairobi