Vijana Marafiki (Quaker) Bukavu: kikao cha Jumamosi

Jambo ndugu na dada,

Jumamosi saa 3 kamili asubuhi, ukumbi wetu wa Ibanda, waliotoka mkutano wa mwaka watatushirikisha ushuhuda wao.

1. Kila mmoja dakika 5, kisha kimya dakika 2. Msijibizane: mtu akijibu papo hapo, ushuhuda unageuka mabishano. Simu zizimwe (hata ya kutetemeka inasikika kwenye kimya!).

2. Hatupigi kura. Karani ataandika tulichoafikiana na kukisoma palepale. Mwenye shaka aseme hapo, si njiani akirudi.

3. Mchango wa chakula 5.000 FC, mwisho Alhamisi jioni. Sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) huvuliwa usiku, tutazinunua alfajiri. Ukichelewa kuchanga utakula bugali na sombe (majani ya muhogo) tu.

Tafadhali jibu leo: "nakuja" au "sitafika". Tunahesabu sahani.