YAH: BASI LENU KUOVATEKI KWENYE ZEBRA MBELE YA SHULE YETU

Meneja Uendeshaji,
Kampuni ya Mabasi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya wazazi wa shule ya msingi iliyo kandokando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Mlandizi na Chalinze. Jumatano iliyopita, saa moja kasoro asubuhi, lori la saruji lilisimama kwenye zebra kuwapisha wanafunzi. Basi lenu, lililokuwa nyuma yake likitokea Dar, halikusubiri. Lilichomoka kulia, likavuka mstari usiokatika na kulipita lori huku likipiga honi. Mtoto wa darasa la pili aliyekuwa ametangulia alivutwa mkoba na dada wa darasa la sita, hadi mkanda ukakatika. Mtoto ni mzima, ila sasa hakubali kuvuka bila kushikwa mkono.

Tulipopiga simu ofisini kwenu tulijibiwa kwamba wazazi tuwafundishe watoto kuvuka barabara. Jibu hilo limetuuma kuliko honi.

Tunawafundisha. Simama, tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Wanatembea upande wa kulia ili wayaone magari yanayowajia. Wazazi wanapokezana zamu pale zebra na kibendera chekundu. Mama lishe na bodaboda waliokuwa wamejazana kando ya kivuko tuliwaomba wasogee, kwa kuwa walikuwa wanawaziba watoto, nao wakasogea ingawa biashara iliyumba. Wapo pia watu wazima wa hapa kwetu wanaokatisha barabara popote wanapojisikia, usiku, na nguo nyeusi. Hao tunawasema waziwazi kwenye mkutano wa kijiji. Hilo ni fungu letu na hatulikwepi.

Lakini mtoto yule alifanya kila alichofundishwa. Alitazama kulia akaona lori limesimama, akavuka. Kimo chake hakifiki hata taa za lori. Angewezaje kuona kinachotokea nyuma ya lori? Dereva wenu naye hakuweza kumwona mtoto. Kwa sababu hiyohiyo ni marufuku kulipita gari lililosimama kwenye kivuko: lile gari limesimama kwa ajili ya mtu ambaye wewe humwoni. Na mwendo je? Basi likiwa kwenye 80 hukata mita 22 kwa sekunde moja, hata kabla mguu haujagusa breki. Vibao vya 50 havikuwekwa pale kama pambo.

Hatuombi dereva afukuzwe halafu mambo yaishe. Tunaomba mtazame rekodi ya VTS (mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi) ya basi hilo kwa saa tuliyoitaja. Namba zake za usajili tumeziambatanisha. Tunaomba pia mtazame ratiba yenu. Madereva wenu wanatuambia wenyewe wakisimama kununua maji: muda ukipotea kwenye foleni ya Mbezi hadi Kibaha, ukapotea tena mizani, wanadaiwa kufika kwa wakati uleule. Muda huo wanaufidia mbele ya shule yetu. Ratiba hiyo imepangwa ofisini, si kwenye usukani, na ndiyo maana barua hii nimekuandikia wewe.

Tunakualika pia uje na madereva wachache asubuhi moja msimame nasi pale kivukoni, wakati watoto wanaingia shule. Mkiona kitu ambacho sisi tunakikosea, tuambieni, tutakirekebisha.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, likieleza rekodi ya VTS imeonyesha nini na ratiba itabadilishwa vipi. Gharama ya mkoba mpya hatuidai, wazazi wameshachangishana.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenyekiti,
Kamati ya Shule.

Nakala:
LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), Mkoa wa Pwani
Kikosi cha Usalama Barabarani, Mkoa wa Pwani