Kozi za Biolojia Ulizoniuliza

Kisumu

Mpendwa Nekesa,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba umeyazoea maisha ya Nakuru. Kuhusu kozi za biolojia zitakazokufaa katika saikolojia ya kibiolojia, yaani elimu ya jinsi ubongo na mwili vinavyoathiri tabia, nakusihi usianze na anatomia ya ubongo, hata kama wenzako wanaikimbilia. Utakesha ukikariri majina ya sehemu usizojua kazi yake.

Anza na biolojia ya seli, kisha fiziolojia ya wanyama. Humo utaelewa kwamba ndani ya seli ya neva iliyotulia mna chaji hasi, takriban milivolti 70 chini ya nje, na kwamba ishara husafiri pale vijia vya sodiamu kwenye utando wa seli vinapofunguka na ioni zake, yaani chembe zenye chaji, kumiminika ndani. Wanasayansi Hodgkin na Huxley waliyaeleza hayo mwaka 1952, baada ya kuichunguza neva nene ya ngisi, mnyama ambaye sisi wa kando ya ziwa tunamsikia tu kwa watu wa pwani.

Kemia nayo huwezi kuikwepa, ingawa najua ulivyoichukia tangu shule ya upili. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi aliichochea neva ya vagasi, ile itokayo kwenye ubongo, iliyoshikamana na moyo wa chura, mapigo yakapungua; kisha akayachukua maji ya chumvi yaliyouzunguka moyo ule, akayatia kwenye moyo wa chura wa pili, nao ukapunguza mapigo ingawa neva yake haikuguswa. Kumbe ujumbe ulibebwa na kemikali, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa asetilikolini. Dawa nyingi za sonona hufanya kazi kwenye sinapsi, yaani pale seli mbili za neva zinapopashana ujumbe, kwa kuizuia serotonini, kemikali nyingine ya ujumbe, isirudi upesi ilikotoka, na bila biokemia kidogo utalipokea jambo hilo kwa imani tu.

Jenetiki inaweza kungoja mwaka wa pili. Uainishaji wa mimea uache, isipokuwa uupende wenyewe. Lakini elimu ya vimelea, ambayo wanasaikolojia wengi hawaifikirii, mimi ningeichukua: malaria inayoshambulia ubongo huwaachia baadhi ya watoto kifafa au ugumu wa kujifunza, na huku kwetu hakuna asiyeijua malaria.

Kabla ya kujisajili, uliza kama fiziolojia ina vipindi vya maabara. Ikiwa ni mihadhara mitupu, heri usubiri muhula mwingine. Nitumie orodha ya kozi zenu nikuwekee alama.

Wako,
Otieno