Nywele zako zinakua, ila zinaishia wapi?

Jumamosi iliyopita, kabla hata maji hayajachemka, aliingia mteja na chupa tatu mkobani. Akazipanga mezani kama shahidi anayetoa vielelezo mahakamani: mafuta ya kitunguu, maji ya mchele yenye karafuu, na ya tatu isiyo na jina lolote ila picha ya mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni. "Dada, nimemaliza zote. Hizi nywele zimekataa kukua."

Alikuwa na braidi za wiki tisa. Nilimkalisha, nikamshikisha kioo kidogo, nikamgeuza ajione kisogoni. Siku aliposukwa, fundo la kila braidi lilianzia kwenye ngozi. Sasa lilikuwa limeshuka, na kati yake na ngozi pamejaa nywele mpya, nyeusi tititi, upana wa kidole. Nikatoa futi ya cherehani. Sentimita mbili, kasoro mstari mmoja.

"Basi hizi zimetoka wapi?" nikamuuliza.

Mazungumzo haya tunayafanya hapa saluni mara tatu au nne kwa wiki. Nimeona niyaandike, anayetaka nywele ndefu asome kabla hajafunga safari ya Dubois, kwenye maduka ya vipodozi mjini Nairobi, kununua chupa ya nne.

Unywele wa kichwani hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Nywele za kipilipili, ambazo ndizo zetu wengi, huwa chini kidogo ya hapo. Sisi hupiga hesabu ya sentimita 10 kwa mwaka, ikizidi tunashukuru. Msichana aliyemaliza Kidato cha Nne kichwa kikiwa kimenyolewa kwa sheria ya shule, akija Desemba na vinywele vya sentimita moja, tunamwambia ukweli siku hiyo hiyo: kufika mabegani ni miaka miwili na nusu hadi mitatu, tena hapo ni ukizivuta zinyooke. Ukiziachilia zitajikunja hadi nusu ya urefu huo au chini zaidi, na watu watakwambia hazijakua. Wengine hununa. Afadhali wanune mapema.

Halafu kila unywele una muda wake. Hukua kwa miaka miwili hadi sita, husimama, hupumzika miezi kama mitatu, kisha huanguka na mwingine ukachipuka palepale. Huo muda wa kukua mtu huzaliwa nao, na ndio unaoweka mpaka wa urefu. Mwaka 2004 nywele za Xie Qiuping wa China zilipimwa zikakutwa na mita 5.627. Alikuwa amezifuga tangu 1973, akiwa na miaka 13. Gawanya mwenyewe: ni kama sentimita 18 kwa mwaka, mwendo ambao hauko mbali na wa kawaida kwa nywele za singa. Cha ajabu ni kwamba ziliendelea kukua kwa miaka zaidi ya 30 bila kusimama. Hiyo haiuzwi kwenye chupa.

Wenye dredi wana hesabu yao. Unywele ukianguka ndani ya dredi hauendi popote; umefungwa na wenzake, unaendelea kuhesabiwa urefu. Ndiyo maana dredi hupita kiuno kwa watu ambao wakiwa na nywele za kuchana wasingefika hapo. Wengi tunakumbuka picha za Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta akimnyoa Field Marshal Muthoni wa Kirima dredi alizokuwa nazo tangu vita vya Mau Mau msituni, karibu miaka 70. Mama yangu alinipigia simu siku hiyo. Nilidhani anataka tuzungumze historia, kumbe anataka kujua bibi alikuwa anaziosha vipi. Kwa dredi ndefu tunasisitiza jambo moja tu: mzigo wote unaning'inia kwenye shina, kwa hiyo msije kusokotwa mizizi kila wiki. Mwezi mmoja au mwezi na nusu unatosha, hata kama tunapoteza mapato.

Turudi kwa wenye nywele za kuchana. Ncha inayogusa bega lako leo ilitoka kichwani miaka miwili na nusu iliyopita. Ifikirie safari yake. Imepita baridi ya Julai mara mbili au tatu ikisuguliwa na kofia ya sufu. Imepanda boda ikavalishwa helmeti iliyokwisha kuvaliwa na abiria kumi tangu alfajiri. Imeegemea viti vya matatu kuanzia Umoja hadi mjini. Imechanwa kavu Jumatatu asubuhi kwa sababu umechelewa kazini. Imepigwa pasi kwa ajili ya arusi ya binamu. Na haina uhai. Uhai uko kwenye shina, chini ya ngozi. Kidonda cha mkono kitapona, lakini ncha iliyojeruhiwa hubaki na jeraha lake, hupasuka, mpasuko ukapanda, mwisho ikakatika.

Kipilipili kina taabu ya ziada. Kila mkunjo ni mahali dhaifu pa kukatikia, na mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayawezi kuzunguka kona zote hizo mpaka yafike chini. Unakuta mizizi inang'aa na ncha ni kavu kama mabua ya Februari. Shina linaongeza sentimita 10 kwa mwaka, ncha inapoteza 10. Mtu anabaki pale pale, na lawama anaipa shina.

Tulipomaliza kumfumua yule mteja, mkononi pangu palibaki donge la nywele ukubwa wa mandazi. Akashika kifua. Nikamwambia tulia, tuhesabu. Mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, na hizi kwa wiki tisa hazikuwa na pa kuangukia kwa sababu zilikuwa zimesukwa. Hapo tayari una 3,000 hadi 6,000, kati ya takriban 100,000 za kichwa kizima. Donge lenyewe halitishi. Chukua unywele mmoja uulaze juu ya karatasi nyeupe. Ukiwa na kitone cheupe upande mmoja, umeanguka kwa wakati wake. Ukiwa mfupi na hauna kitone, huo umekatika. Tulichomoa 20 bila kuchagua. Kumi na tatu hazikuwa na kitone, na nyingi hazikufika urefu wa kidole.

Hapo ndipo tulipoacha kuzungumzia chupa.

Kwa maoni yangu kuosha ndiko kunakokata nywele nyingi Nairobi, na sehemu ya lawama ni mgao wa maji. Ukiwa na mtungi mmoja wa lita 20 na bomba halirudi mpaka Alhamisi, unaosha mbiombio, unasugua kichwa chote kama sufuria, sabuni haitoki yote. Namna tunayowafundisha wateja ni hii. Kabla ya maji, gawa kichwa mafungu manne, kila fungu ulisuke tuta moja legevu. Paka mafuta ya nazi uache angalau saa moja, au ulale nayo. Mafuta ya nazi ni kati ya machache yanayopenya ndani ya unywele, na kwa hivyo hupunguza protini inayopotea unywele unapovimba kwa maji kisha kusinyaa. Yale mafuta mazito ya kopo, yanayotokana na petroli, hubaki nje, yanang'arisha tu. Kisha fungua tuta moja, osha, lifunge, nenda la pili. Sabuni ipake kwenye ngozi, povu linaloteremka linatosha ncha. Kwa njia hii nusu ya mtungi humaliza kichwa.

Kuchana kufanyike konditiona ikiwa bado ndani, nywele zikiwa na utelezi. Vidole kwanza, halafu kichana cha meno mapana, ukianzia nchani na kupanda juu kidogo kidogo. Ukianzia juu unayashusha mafundo yote yakutane chini, na kitakachofuata ni ule mlio wa "kra" tunaoujua sote. Kama unaharakisha na umeshika kichana kikavu, afadhali ufunge kitambaa uende kazini hivyo.

Kwa anayetaka kunyoosha bila moto, uzi mweusi wa bibi zetu bado unafanya kazi vizuri. Najua wasichana wanauonea haya. Zungusha kwa ulegevu, lala nao, fungua asubuhi. Pasi huichoma ncha ile ile ambayo umeilea miaka mitatu.

Sasa panja. Mkija mtaniona nimefunga kitambaa hata ndani ya saluni. Nikiwa na miaka 19 nilisukwa mistari mahali fulani mjini, nikakaza meno saa nne nzima. Msusi akaniambia vumilia, kupendeza kuna bei yake. Usiku sikuweza kulala ubavu, nikameza dawa ya maumivu, na asubuhi vipele vidogo vyeupe vilikuwa vimezunguka paji la uso. Nilirudi kwake miaka mitatu, kwa sababu msuko wake ulikaa. Panja ya kulia imerudi nusu. Ya kushoto haijarudi. Shina likivutwa kwa muda mrefu huishia kuwa kovu, na kwenye kovu hapaoti kitu hata ukipaka nini.

Kwa hiyo vipele, kichwa kugonga, au ngozi kuvutika mpaka nyusi zinapanda ni sababu ya kufumua usiku huo huo, pesa zilizolipwa zikipotea zipotee. Kwetu ukisema inauma, tunalegeza bila kubishana, na vile vinywele vya panja tunaviacha nje ya msuko. Braidi tunazifumua wiki ya nane. Ukipenda kusukiwa Kenyatta Market, ambako wasusi watatu wanaweza kukuzunguka mara moja ukamaliza kabla ya chakula cha mchana, kuna mikono mizuri sana kule; ila mweleze kila mmoja wao tangu mwanzo, maana mwenye mkono mlegevu huwa yuko kisogoni na mwenye mkono mkali ndiye amepewa mbele.

Dawa ya kulainisha sikatazi mtu. Ipakwe kwenye mizizi mipya peke yake, na tangu ya mwisho ipite miezi miwili na nusu au mitatu. Sehemu iliyokwisha kupakwa ikipakwa tena hulegea na kukatika papo hapo. Kama umejikuna juzi, dawa itakuunguza, tutakurudisha nyumbani.

Usiku, leso ya pamba iweke kwa kazi nyingine. Hunyonya mafuta na kusugua ncha. Kitambaa cha satini, au foronya ya satini kwa wale ambao kitambaa huamka kikiwa miguuni, ndicho kinachofaa.

Kukata ncha hakuharakishi chochote, tusidanganyane. Shina halijui kama chini kumekatwa. Tunakata nusu sentimita hadi moja kila baada ya miezi mitatu au minne, pale tu tunapoona mipasuko, ili mpasuko usipande. Ncha isiyo na mpasuko haikatwi, hata kama kalenda inasema zamu imefika.

Na kuna vichwa ambavyo si kazi yetu. Mama aliyejifungua akaona nywele zinatoka kwa mafungu kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne asiogope, hutokea kwa wengi na hurudi. Lakini ukiona utosi unapungua huku unawasha au kuuma, au nywele zinatoka na mwili pia unachoka bila sababu, muone daktari kabla ya kutuona sisi. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huanzia hivyo kwa baadhi ya watu. Mtoto mwenye mashilingi, yaani mapunye, hatumsuki, na vichana vyake msichangie nyumbani. Dawa yake ni ya kumeza, anaitoa daktari. Mafuta hayafiki kwenye mizizi ambako ugonjwa umejificha.

Tunachotoa sisi ni daftari. Ni counter book ya kawaida, kurasa 200, na kila mteja wa nywele ndefu ana ukurasa wake. Siku ya kwanza tunapima mahali panne, utosi, kisogo na panja mbili, unywele ukiwa umenyooshwa kwa vidole. Unarudi baada ya miezi mitatu tunapima tena, ukiwa umefumua na umeosha. Shina linatakiwa liwe limeongeza sentimita mbili na nusu au karibu na hapo. Kama limeongeza na urefu haujabadilika, tunatafuta zinakokatikia. Kama shina lenyewe halijaongeza, tunakwambia nenda hospitali. Kupima hatutozi. Unalipia kuosha, kuchana na kukata ikihitajika. Njoo siku ya wiki kabla ya saa sita, Jumamosi hatuna nafasi ya kuhesabu nywele za mtu kwenye karatasi, ile ya juzi ilikuwa bahati yake kwa kuamka mapema.

Tulimkata sentimita tatu na nusu. Alilia kidogo, halafu akaomba chai. Nilipomaliza kupima niliandika: kisogo 21, utosi 18, panja ya kulia 9, panja ya kushoto 6. Nikaitazama ile 6, nikamuuliza huwa analalia upande gani. Akainua mkono wa kushoto, akaushika shavuni, akanyamaza.